Mkono wa Mlango

Milango ya wodi yetu haina mikono.
Penye kitasa pana tundu la mraba tu,
na kila mtumishi hutembea na mkono wake mfukoni,
chuma kizito chenye umbo la goti.
Januari, siku yangu ya kwanza ya uanagenzi,
Muuguzi Lăcrămioara alinikabidhi wangu kwa saini mbili.
"Huu hautoki nje ya jengo," akasema,
"hata ukitoka wewe."

Saa moja kasorobo. Tramu imechelewa,
Iași imejifunika theluji iliyokwisha kanyagwa,
nami naingia nimelowa hadi soksi.
Mkutano wa asubuhi: nani kalala, nani kakesha,
nani katema kidonge kwenye chungu cha maua.
Daktari Hrubaru anauliza huku akimenya chungwa:
"Lithiamu ya kitanda cha sita?"
Naijua. Niliijua kwenye ngazi, niliijua nikivaa koti.
Sasa ulimi umekuwa ubao.
"Sifuri nukta nane," analiambia chungwa.

Kitanda cha sita ni Silviu, miaka kumi na tisa,
aliyenunua piano tatu ndani ya wiki moja
na hajui kupiga hata moja.
Ananiuliza kama nimewahi kuwa na furaha kiasi hiki.
Kitabu kinasema nimuulize amelala saa ngapi.
Namuuliza amelala saa ngapi.

Ukumbini Bwana Traian, mpima ardhi mstaafu,
anapima sakafu kwa nyayo, kisigino kwa kidole.
"Daktari, ukumbi umepungua hatua mbili tangu Jumapili."
Nimefunzwa nisibishe, wala nisikubali.
Basi natembea naye kimya, nikihesabu,
na naapa, mara ya pili
hata mimi nimepata pungufu.

Halafu karatasi. Karatasi zina ukoo na wajukuu:
fomu ya kulazwa, fomu ya ridhaa,
fomu ya kuthibitisha kwamba fomu ya ridhaa ipo.
Simu: mama wa mtu, sauti ya mbali, kuku nyuma yake,
anauliza kama mwanawe anakula.
Anakula, mama. Viazi, na anaongezewa.
Ndiyo habari njema pekee niliyoitoa leo,
nami nimeitoa nikitafuna mkate mkavu
nyuma ya mlango wa stoo.

Bi Veturia hajasema neno siku ya kumi na moja hii.
Kila alasiri naketi kando yake dakika ishirini.
Ukimya wake una jina vitabuni;
hapa kitandani hauna jina, una harufu ya sabuni ya kufulia.
Leo nimechoka hata kuuliza.
Nimeketi tu, natazama dirishani
kunguru akigombana na mfuko wa plastiki.
"Kamba ya kiatu chako imefunguka," akasema.

Nikainama kuifunga. Vidole vikanisaliti, fundo likakataa.
Nilipoinua uso alikwisha rudi kule aliko.
Kwenye faili nikaandika:
Mgonjwa amezungumza. Sentensi moja. Yenye maana.
Nikafuta "yenye maana".
Nikairudisha.
Daktari Hrubaru akasoma, akatia saini, akavaa kofia.
"Kesho," akasema, "njoo na viatu hivyo hivyo."

Saa mbili usiku, ghorofa ya nne, mlangoni pangu:
nimesimama gizani napapasa ubao,
natafuta tundu la mraba.
Mlango una mkono wake, tena umelegea,
nimeushika maelfu ya mara.
Na mfukoni, baridi dhidi ya paja, ule mwingine.

Simu ikalia kabla sijalaani.
"Ilinca," sauti ya Lăcrămioara, bila salamu,
"tumehesabu mikono. Imepungua mmoja."
Nyuma yake namsikia Bwana Traian:
"Niliwaambia! Niliwaambia!"

Nakuja, nasema.
Tramu ya mwisho inapita saa tatu kasoro.
Nachuchumaa kwenye ngazi,
nafunga kamba za viatu, mafundo mawili mawili.